Nalipia nini hasa, na ile nyota ya straika wangu ina maana gani?

Barua za awamu hii karibu zote zinaangukia sehemu moja, gemu za umeneja wa mpira zinazochezwa mtandaoni, na ukizisoma zote kwa pamoja unaona watu wanachanganya vitu viwili: pesa wanayolipa kila mwezi, na namba au nyota aliyopewa mchezaji. Nimezijibu kwa jinsi zilivyokuja, nyingine kwa urefu nyingine kwa kifupi, maana si zote zina uzito mmoja.

Habari za kazi mhariri. Mimi nacheza Hattrick msimu wa tatu sasa. Niliona timu zenye ile alama ya Supporter zinanifunga kila wiki nikasema aah kumbe siri ndo hii, nikalipia na mimi. Mechi nne zimepita na zote nimepigwa. Je nimeibiwa? – Meneja wa daraja la chini

Njema ndugu yangu. Hujaibiwa, ila umenunua kitu kimoja ukidhani ni kingine. Hattrick ilianzia Sweden mwaka 1997 na msimamo wake unajulikana, uanachama wa kulipia haumpi mtu faida uwanjani. Ukiwa Supporter unapata takwimu nyingi zaidi, unaweka nembo ya timu, unaingia kwenye mashirikisho ya mameneja wenzako, unafuatilia mambo ya klabu yako kwa raha zaidi. Ila kijana wako anayefanya mazoezi ya pasi anapanda kwa mwendo uleule wa kijana wa mtu asiyelipa kitu, na kwenye mechi injini, yani programu inayochezesha mechi, haiangalii kabisa nani kalipa.

Sasa mbona wenye alama wanakufunga? Fikiria ni nani anayekubali kulipia gemu ya namna hii. Ni yule ambaye tayari kakaa miaka. Msimu mmoja wa Hattrick ni wiki 16, na mchezaji anaongezeka umri mwaka mmoja kila siku 112, kwa hiyo aliyeanza kabla yako keshalea vizazi kadhaa vya wachezaji, kauza, kanunua, kajenga uwanja, kajifunza kutokana na makosa yake. Ile alama uliyoiona ni dalili ya ukongwe wake, nguvu haitoki hapo. Wewe una misimu mitatu tu, bado mapema sana. Chagua aina moja ya mazoezi, nunua vijana wa miaka 17 au 18 wanaofaa mazoezi hayo, shikilia hapohapo msimu mzima bila kurukaruka. Na uanachama wako utumie kwa kile unachokupa kweli, yani kaa na zile takwimu uone mechi zako unazipotezea wapi.

Mhariri nina straika wa nyota nyingi kuliko wote kwenye ligi yetu na hafungi! Mwenzangu ana straika wa nyota chache, anafunga kila mechi. Hizi reitingi ni za kweli au ni mapambo? Nacheza gemu tatu tofauti na kote naona hivyohivyo. – Mwenye straika bubu

Swali lako ndo nililokuwa nalisubiri kwa hamu, manake hapa ndipo watu wanapoteza misimu mizima na pesa pia, kwa hiyo nivumilie nitaongea kidogo.

Kwanza, neno nyota halina maana moja. Kila gemu ina kipimo chake na ukibeba maana ya gemu moja ukaipeleka kwenye nyingine umeshapotea. Chukua Football Manager, ambayo wengi wenu mnacheza na marafiki kwa mtandao. Kule ndani kabisa mchezaji ana namba mbili zilizofichwa, moja ya uwezo alionao leo na nyingine ya uwezo anaoweza kuufikia, zote zinakwenda hadi 200. Unachokiona wewe kwa macho ni sifa zake moja moja, kasi, pasi, umaliziaji na kadhalika, kila moja kuanzia 1 hadi 20. Halafu msaidizi wako au skauti anakuletea nyota. Zile nyota anazipima akilinganisha na kikosi ulichonacho wewe! Kijana wa nyota nne kwenye timu ya daraja la nne anaweza akawa nyota moja na nusu siku akihamia timu kubwa, na yeye mwenyewe hajabadilika hata kidogo. Juu ya hapo skauti naye ana uwezo wake wa kutathmini, skauti dhaifu anakosea. Na kuna sifa ambazo huzioni kabisa kwenye skrini, kama anacheza vizuri mfululizo au leo moto kesho baridi, kama anaziweza mechi kubwa, kama anaumia hovyo. Straika mwenye umaliziaji wa 17 ambaye hana mwendelezo atakutesa, na nyota zake zitabaki palepale zinakuangalia.

Njoo Top Eleven. Hii ni ya kampuni ya Nordeus ya Belgrade, ilitoka mwaka 2010 na wengi tuliifahamu zaidi José Mourinho alipokuwa uso wake. Hapa nyota moja ni asilimia 20 ya ubora, na ubora wenyewe unahesabiwa kulingana na ngazi uliyopo. Ukipanda ngazi, wachezaji wako wanashuka nyota moja. Haina maana wamesahau mpira, ni rula ndo imesogezwa. Kwa hiyo unaposema straika wako ana nyota nyingi kwenye ligi, swali ni kwa muda gani, na ana miaka mingapi, kwa sababu kijana wa miaka 18 anapanda mazoezini haraka na anaweza kurudisha ile nyota iliyopotea, wakati mzee wa miaka 30 akishuka ndo kashuka, utahangaika naye mazoezini na hasogei. Halafu usisahau hali ya mwili. Mchezaji aliyechoka, au uliyempanga nafasi isiyo yake, au mwenye morali ya chini, nyota anazo palepale kwenye kadi yake lakini uwanjani hazimsaidii.

Sasa Hattrick, na hapa naona ndo jibu lako lenyewe lilipo. Nyota baada ya mechi zinakuambia mchezaji alitoa mchango kiasi gani kwenye nafasi aliyocheza, ndani yake mna ujuzi wake, fomu, pumzi, uzoefu. Lakini mechi yenyewe haiamuliwi kwa kujumlisha nyota za watu 11. Inaamuliwa kwa maeneo saba, yani kiungo, ulinzi wa kulia, wa kati na wa kushoto, na ushambuliaji wa kulia, wa kati na wa kushoto. Kiungo ndicho kinachoamua nani apate nafasi nyingi za kushambulia, kisha nafasi ikipatikana inagongana na ulinzi wa eneo lile la mpinzani. Sasa straika wako ana nyota kibao, sawa, lakini kama viungo wako wanazidiwa kila wiki atapata nafasi ngapi? Mbili? Mwenzako ana straika wa kawaida na viungo watatu waliolelewa mazoezi ya kuchezesha timu misimu minne, nafasi zinamjia mpaka anachoka. Ndo mana anafunga yeye.

Kuna kitu kingine hapohapo kinaitwa TSI, yani Total Skill Index, kipimo cha jumla cha ujuzi wa mchezaji, ile namba kubwa ambayo watu wanaitazama sokoni wakadhani ni thamani ya mchezaji. TSI inapanda na kushuka na fomu, kwa hiyo mchezaji yuleyule mwezi huu anaonekana almasi na mwezi ujao anaonekana wa kawaida. Na TSI ya kipa inahesabiwa kivyake, usiilinganishe na ya beki hata siku moja. Fomu yenyewe ina ngazi nane. Ukikuta mchezaji fomu yake iko chini na TSI imeporomoka lakini ujuzi wake mkuu umesimama pazuri, huyo ndo wa kununua wewe, wenzako wakikimbilia yule mwenye TSI nono aliyeko kwenye kilele cha fomu.

Kwa hiyo reitingi ni za kweli. Ila zinajibu swali lake zenyewe, hazijibu la kwako. Kabla hujamlaumu straika fungua ripoti ya mechi tatu za mwisho, acha kutazama nyota zake, tazama timu ilipata nafasi ngapi na zilitokea upande gani. Nina uhakika mkubwa utarudi kununua kiungo.

Naomba msaada mama mhariri. Kijana wangu alijiunga uanachama wa mwezi kwenye gemu ya mpira, nikakasirika nikaifuta gemu kwenye simu. Mwezi ulioisha pesa imekatwa tena. Inawezekanaje wakati gemu haipo? – Mama wa watoto watatu

Pole sana dada yangu. Inawezekana kabisa na inawakuta wengi. Kufuta gemu kwenye simu hakufuti uanachama. Makubaliano ya malipo hayakai kwenye gemu, yanakaa kwenye akaunti ya duka la programu, yani Google Play kama ni Android au akaunti ya Apple kama ni iPhone, na yenyewe yanajirudia kila mwezi mpaka mtu aende kuyasitisha kwa mkono wake. Ingia kwenye duka hilo kwa akaunti ileile aliyotumia kijana, gusa picha au jina la akaunti, tafuta sehemu ya usajili wa malipo, utaikuta gemu hiyo imeorodheshwa, sitisha. Kwa Apple fanya hivyo angalau saa 24 kabla ya tarehe ya kukatwa. Na kama alijiunga kwenye tovuti ya gemu badala ya duka, basi ni kwenye tovuti hukohuko ndiko kwa kusitishia.

Kuhusu ile iliyokwishakatwa, omba urejeshewe kupitia duka hilohilo, eleza kwamba aliyenunua ni mtoto, na uombe mapema usiache wiki zikapita. Hawalazimiki kukubali kila ombi lakini usipoomba hupati kitu. Kisha weka ulinzi, duka lidai nywila au idhini yako kila mnunuzi akitaka kununua, mipangilio hiyo ipo kote kuwili.

Na nikuombe kitu kimoja kama mama mwenzio. Kaa na kijana akuonyeshe alikuwa analipia nini. Ukimfokea tu atajifunza kuficha. Ukikaa naye unaweza ukakuta mtoto anapiga hesabu za mishahara ya wachezaji na bajeti ya klabu kwa umakini ambao shuleni huuoni, na hapo mnaweza kupanga pamoja kiasi gani kinaruhusiwa na lini.

Shikamoo mhariri. Nina miaka 15. Kuna mtu ananiuzia akaunti yake ya gemu ya umeneja, timu ipo daraja la juu, wachezaji wote wazuri na uanachama umebaki miezi sita. Ninunue? – Kocha mdogo

Marahaba mwanangu. Usinunue. Gemu nyingi zinakataza kuuziana akaunti, wakigundua wanaifunga na wewe huna pa kulalamika. Hattrick kwa mfano ina wasimamizi wanaofuatilia kabisa akaunti na uhamisho unaotia shaka. Zaidi ya hapo, aliyeifungua akaunti kwa barua pepe yake anaweza kuirudisha kesho asubuhi na pesa yako imekwenda. Na hata akiwa mwaminifu, utakuwa na timu usiyoijua, hujui kwa nini yule beki yupo, hujui kijana gani analelewa kwa ajili ya nini. Nusu msimu umeshashuka. Anza ya kwako chini kabisa, una miaka 15, muda unao.

Mambo mhariri, mimi ni wa OSM, yani Online Soccer Manager. Nina Boss Coins, sarafu za ndani ya gemu, nilizonunua, nataka nizimalize kuharakisha mazoezi na kutafuta mchezaji mkali kupitia skauti ili nichukue ubingwa. Ni wazo zuri? – Mwana OSM damu

Poa kaka. Inategemea mechi ngapi zimebaki. OSM unachagua klabu iliyopo kweli, unacheza mechi moja kwa siku, na msimu ukiisha unaiacha ile timu unaanza upya kwingine. Mchezaji uliyemtafuta kwa sarafu habebeki. Kwa hiyo sarafu ukiitumia wiki ya kwanza inakufanyia kazi msimu mzima, ukiitumia zimebaki mechi tano umeichoma. Ningekuwa wewe ningetumia kidogo mwanzoni kwenye nafasi iliyo dhaifu kuliko zote, nyingine nikatunza, kwa sababu sarafu zinabaki kwenye akaunti yako hata timu ikiisha. Na kabla ya mechi ngumu mpeleleze mpinzani, pata mfumo wake, upange wa kwako kumkabili. Watu wanashinda ligi OSM kwa mbinu na uvumilivu zaidi ya mnavyodhani.

Kwa nini mchezaji ninayempenda, ambaye kila wiki namuona anaupiga mwingi, kwenye gemu kapewa namba ndogo? Wanaopanga hizi namba wanatazama mpira kweli? – Shabiki mwenye uchungu

Wanatazama, na uchungu wako naujua vizuri kwa sababu na mimi nina mchezaji wangu ambaye kila mwaka naona kaonewa. Football Manager wana mtandao mkubwa wa watafiti nchi mbalimbali, watu wanaofuatilia klabu fulani kwa ukaribu, wanapendekeza namba, kisha zinapitiwa na wengine juu yao ili ligi moja isijipendelee. Ni binadamu, wanabishana, wanakosea. Tatizo kubwa ni muda. Mchezaji akilipuka katikati ya msimu namba zake zinasubiri mpaka sasisho lijalo. Na sisi mashabiki tunakumbuka goli moja la ajabu tukasahau mechi sita alizopotea, mtafiti yeye anatakiwa azikumbuke zote. Sorare, gemu ya kupanga kikosi kwa kadi za wachezaji halisi, wameenda njia nyingine, pale alama za mchezaji zinatoka moja kwa moja kwenye takwimu za mechi halisi za Opta, wakusanyaji wa takwimu za mpira, kati ya 0 na 100, kwa hiyo akicheza vibaya Jumamosi unaliona palepale. Ila takwimu nazo zina upofu wake. Beki anayejipanga vizuri mpaka mpira haumfikii straika hana cha kuhesabiwa, japo kazi kaifanya.

Kufungua paketi za wachezaji kwa pesa ni kamari au si kamari? Naona watu wanagombana. – Mpenda haki

Nchi zenyewe hazijakubaliana. Ubelgiji mamlaka yao ya michezo ya kubahatisha ilisema mwaka 2018 kwamba paketi za kulipia za bahati nasibu ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA, watengenezaji wa gemu ya FIFA, wakaacha kuuza kule pointi za FIFA, zile za kununulia paketi. Uholanzi walimpiga EA faini ya euro milioni 10, wakaenda mahakamani, na Machi 2022 Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu kwa kesi za namna hiyo, likaifuta faini hiyo. Kwa hiyo kisheria jibu linategemea uko chini ya sheria gani.

Mimi maoni yangu sifichi, sizipendi. Uanachama wa mwezi nauheshimu hata kama sikubaliani na bei yake, kwa sababu kabla hujalipa unajua utapata nini. Paketi unalipa kwanza ndipo unaambiwa umepata nini. Na kwenye Ultimate Team, ile sehemu ya gemu ya EA ya kukusanya kadi za wachezaji kwa paketi, ile kadi uliyoihangaikia haihamii toleo la mwaka unaofuata, unaanza na kikosi kipya. Miaka ya nyuma, kwenye gemu moja ya simu ambayo sitaitaja, nilishanunua tokeni usiku wa manane ili nimpate winga mmoja kwenye mnada, nikaongeza, nikaongeza, mpaka nikamshinda mpinzani. Wiki mbili baadaye timu ikapanda na yule winga akawa wa kawaida. Nilihuzunika kweli, na tangu siku hiyo sigusi mnada baada ya saa tatu usiku, wala sinunui tokeni siku niliyofungwa.

La mwisho la kwangu fupi tu: uanachama wa mwaka mzima ni nafuu kuliko wa mwezi mmoja mmoja, nichukue upi? – Mwenye hesabu

Chukua wa mwezi kwanza, halafu zima kujirudia siku hiyohiyo, utaendelea kuutumia mpaka mwezi uishe. Andika kwenye karatasi siku ngapi uliingia na ni kipengele gani cha kulipia ulikigusa kweli. Ukirudia hivyo miezi mitatu na karatasi imejaa, nenda na wa mwaka. Ila uchukue msimu mpya unapoanza, si wakati timu yako imebakiza mechi mbili na bado hujui kama unabaki daraja hilo au unashuka.